Vienna 1815, Versailles 1919 au mwaka 1945: uchague amani ipi kuelewa dunia baada ya vita vikuu?

Vita vikubwa vikianza kunukia mwisho, mifano ya historia hutolewa haraka, redioni na vijiweni. Mmoja atasema walioshindwa wasibanwe sana, yasije yakajirudia ya Versailles, mkataba uliofunga Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwingine atasema dawa ni adui asalimu amri bila masharti, kama 1945. Wa tatu, aliyesoma kidogo zaidi, atawataja mabwana wa Vienna, waliokutana kupanga Ulaya baada ya vita vya Napoleon, waliocheza dansi usiku na kugawana Ulaya mchana, wakaiacha bila vita vya wote kwa miaka 99.

Mwanafunzi anayetafuta mada ya insha, mwalimu wa kidato cha sita, mwandishi wa habari anayedaiwa makala jioni hii, wote hukwama hapo: nishike mfano upi? Makala hii inaiweka mitatu hiyo bega kwa bega. Izingatiwe tu kwamba 1945 si mkataba mmoja. Ni mafungu ya maamuzi: Yalta mwezi Februari, San Francisco kati ya Aprili na Juni, Potsdam Julai hadi Agosti, na kabla ya hayo Bretton Woods mwaka 1944 kwa upande wa fedha. Vita Baridi nimeviacha nje kwa sababu havikufungwa kwa mkutano wowote wa namna hii.

Maswali ya kuulizia

Nimechagua matano. Aliyeshindwa alifanywa nini? Ramani ilichorwaje upya? Kiliachwa chombo gani cha kusimamia yaliyoandikwa, na nani alibaki kukisimamia? Wale ambao hawakuwa na kiti mezani walipata nini? Na amani yenyewe ilidumu wapi, kwa nani?

Swali la nne nitalikalia kuliko mengine. Vitabu vingi hulipita juu juu, na sehemu kubwa ya wasomaji wa Kiswahili tumo humo.

Aliyeshindwa

Ufaransa ya 1814 ilitendewa kwa adabu ya kushangaza. Mkataba wa Paris wa tarehe 30 Mei uliiachia mipaka ya 1792 bila kuidai fidia. Talleyrand, waziri wa nchi iliyoshindwa, akaenda Vienna na kukaa na washindi. Tarehe 3 Januari 1815 alikuwa ameshatia saini mapatano ya siri na Austria na Uingereza dhidi ya Urusi na Prussia, waliokuwa wakigombea Poland na Saxony. Kisha Napoleon akatoroka kisiwani Elba, akarudi madarakani, akapigwa Waterloo tarehe 18 Juni, na bei ikapanda: fidia ya faranga milioni 700, na jeshi la kigeni la hadi askari 150,000 kukaa Ufaransa kwa muda usiozidi miaka mitano. Mwaka 1818 majeshi hayo yaliondoka kabla ya muda, na Ufaransa ikakaribishwa katika meza ya wakubwa. Wanaosifu upole wa Vienna husahau hiyo miaka mitatu ya kukaliwa.

Wajerumani wa 1919 hawakujadiliana na mtu. Walikabidhiwa maandishi mwezi Mei, wakaruhusiwa kujibu kwa barua, na tarehe 28 Juni wakatia saini katika Ukumbi wa Vioo kule Versailles, ukumbi uleule ambamo Milki ya Ujerumani ilitangazwa mwaka 1871. Kifungu cha 231 kiliwabebesha wajibu wa hasara zote za vita. Jeshi lao likawekewa kikomo cha watu 100,000, na mwaka 1921 fidia ikatajwa: maki za dhahabu bilioni 132. Hata hivyo Ujerumani ilibaki nchi moja. Ilipoteza kiasi cha sehemu moja ya kumi ya watu wake, lakini viwanda vyake vingi vilikuwa vimesimama, na mashariki yake vilizaliwa vinchi vichanga visivyoweza kumtisha mtu. Iliudhiwa vya kutosha kutaka kulipiza kisasi, na ikaachiwa nguvu za kutosha kulipiza.

Sasa 1945. Wengi hudhani huu ndio mwaka wa huruma, kwa kuwa wanakumbuka misaada ya Marshall, ile ya Marekani ya kuijenga Ulaya upya. Misaada hiyo ilianza 1948, na ilienda Ulaya Magharibi tu. Kilichotangulia kilikuwa kikali kuliko Versailles mara nyingi: kusalimu amri bila masharti, nchi nzima kukatwa kanda nne, takriban robo ya eneo la Ujerumani ya 1937 kuchukuliwa, Wajerumani wapatao milioni 12 kukimbia au kufukuzwa mashariki mwa Ulaya, na viongozi kushtakiwa Nuremberg. Japani ilikaliwa, ikaandikiwa katiba mpya iliyoanza kutumika 1947, na mkataba wake wa amani ulisubiri hadi 1951.

Kwa hiyo maelezo ya mtaani, kwamba ukali huleta vita na upole huleta amani, hayasimami. Amani kali kuliko zote tatu ndiyo ambayo Ujerumani haikuinuka kuipinga kwa silaha. Tofauti iko kwingine, nitaifikia.

Ramani

Vienna ilipanga Ulaya kama urithi wa familia za kifalme. Utitiri wa vijidola vya Kijerumani vya kabla ya Napoleon, zaidi ya 300, ulikuja kuwa shirikisho la dola 39. Sehemu kubwa ya Poland alipewa Tsar, mfalme wa Urusi. Ubelgiji ikaunganishwa na Uholanzi bila kuulizwa, na mwaka 1830 ikajitoa. Nje ya Ulaya, Uingereza ilibaki na Rasi ya Tumaini Jema, Malta na Mauritius pamoja na Shelisheli. Mauritius hiyo itarudi hapa chini.

Mwaka 1919 milki nne zilikuwa zimeanguka: ya Kirusi, ya Kijerumani, ya Austria na Hungaria, na ya Waosmani. Hakuna amani nyingine kati ya hizi iliyochora mistari mingi kiasi hicho. Poland ikarudi, Chekoslovakia na Yugoslavia zikazaliwa, Iraki na Palestina zikawekwa chini ya Uingereza, Syria na Lebanoni chini ya Ufaransa.

Mwaka 1945 mipaka ya Ulaya, ukiacha Poland iliyosukumwa kwenda magharibi, haikuguswa sana. Safari hii waliohamishwa walikuwa watu wenyewe. Kisha katikati ya Ulaya ukapita mstari ambao hakuna mkataba wa amani uliouandika. Ujerumani mbili zikaundwa 1949, na suala hilo halikufungwa kisheria mpaka Septemba 1990.

Nani alibaki kusimamia?

Hapa ndipo ilipo tofauti niliyoiahidi.

Vienna haikuunda shirika. Waliahidiana kukutana, wakakutana: Aix-la-Chapelle 1818, Troppau 1820, Laibach 1821, Verona 1822. Uingereza ilianza kujitenga mapema, haikupenda kutumwa kuzima mapinduzi ya watu wengine. Lakini majirani wote wakubwa wa Ufaransa waliendelea kuwepo, wana majeshi, na wanaogopa kitu kimoja. Vitu viwili vidogo vya Vienna vipo hadi leo: tume ya usafiri katika Mto Rhine, na msingi wa ngazi za mabalozi, yaani nani atangulie kuingia karamuni.

Versailles iliunda Shirikisho la Mataifa lenye makao Geneva. Katika mambo mazito lilihitaji wote wakubaliane, na wazo lake kubwa lilitoka kwa Rais Woodrow Wilson. Seneti ya Marekani ikaukataa mkataba, Novemba 1919 na tena Machi 1920. Ahadi ya Marekani na Uingereza kuilinda Ufaransa ikafa papo hapo. Urusi haikuwepo mezani tangu mwanzo. Jengo likabaki mikononi mwa Ufaransa iliyochoka na Uingereza iliyokuwa ikitazama himaya yake. Kwa maoni yangu hilo liliua amani ya 1919 kabla fidia haijapata nafasi ya kuiua.

Umoja wa Mataifa ulianza rasmi tarehe 24 Oktoba 1945 ukiwa na wanachama waanzilishi 51. Watano walipewa kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama pamoja na kura ya turufu. Watu huilaumu kura hiyo, na wana haki, ila ndiyo iliyowafanya wakubwa wakubali kuingia na kubaki. Zaidi ya karatasi, majeshi ya Marekani na ya Kisovieti yalikaa Ujerumani kwa miongo kadhaa. Hakuna Mjerumani aliyelazimika kubahatisha iwapo mkataba una mwenyewe.

Waliokosa kiti

Vienna haikumwalika Mwafrika yeyote, lakini tarehe 8 Februari 1815 ilitoa tamko la kulaani biashara ya watumwa. Halikuwa na tarehe ya mwisho wala adhabu. Likawa hata hivyo karata mkononi mwa Uingereza, ambayo sasa ilikuwa na Mauritius, kisiwa cha mashamba ya miwa yaliyotegemea watumwa, wengine wao kutoka mwambao wetu. Mwaka 1822 nahodha Mwingereza Moresby alimfanya Sayyid Said wa Oman na Zanzibar atie saini mkataba wa kuzuia watumwa kuuzwa kwa mataifa ya Kikristo. Soko la kusini likabanwa. Biashara haikufa, iligeukia ndani, na miongo iliyofuata mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalimeza maelfu ya watu. Tamko la Ulaya la kupinga utumwa lilipofika Bahari ya Hindi, kwanza lilibadilisha njia ya mtumwa.

Kwa 1919 kuna mengi mno. Vita vyenyewe huku vilichelewa kuisha: Jenerali Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikuwa wamekufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo, Dar es Salaam na Nairobi, lililotokana na kikosi chao.

Kisha wakaja wagawaji. Kifungu cha 119 kiliivua Ujerumani makoloni yote. Waingereza na Wabelgiji wakajadiliana pembeni kupitia wajumbe wao, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, na Rwanda na Burundi zikaenda kwa Ubelgiji, Tanganyika kwa Uingereza. Pembe ya Kionga, kusini mwa Ruvuma, akapewa Mreno. Gisaka, mashariki mwa Rwanda, ilikatwa na kupewa Waingereza kwa sababu ya ndoto ya reli, baadaye ikarudishwa. Wabelgiji wakajipatia pia maeneo yao ya bandari Kigoma na Dar es Salaam. Ukiacha Kionga, yote yaliitwa udhamini, yaani kutawala kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, si ukoloni, na kwa mkulima wa Bukoba au Bujumbura tofauti ya siku ile ilikuwa bendera.

Katika mkataba huohuo kuna kifungu cha 246. Kinaitaka Ujerumani, ndani ya miezi sita, ikabidhi Qurani ya Khalifa Uthman kwa Mfalme wa Hijazi, na fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alikuwa amejiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Kwa hiyo kichwa cha mtu wa Iringa kimo katika hati ileile inayoongelea Alsace na Lorraine. Miezi sita ikawa miaka 35: Gavana Twining alilikabidhi fuvu kwa Wahehe mwaka 1954, baada ya kulichagua kati ya mafuvu yaliyokuwa katika makumbusho ya Bremen. Likawekwa Kalenga. Mtu akitaka kuona jinsi washindi walivyotumia heshima ya watawaliwa kumkomoa aliyeshindwa, asome kifungu hicho kimoja.

Wengine waliondoka Paris mikono mitupu. Japani iliomba usawa wa rangi uandikwe katika katiba ya Shirikisho, kura nyingi zikaunga mkono, Wilson aliyekuwa mwenyekiti akasema haitoshi mpaka wote wakubali. China ilikataa kutia saini baada ya haki za Wajerumani kule Shandong kupewa Wajapani.

Mwaka 1945 mlango ulifunguka kidogo. Afrika ilikuwa na waanzilishi wanne: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini ya wakati ule, ambayo haikuwasemea Waafrika wake. Lakini sura za 11 hadi 13 za Katiba ya Umoja wa Mataifa zilileta kitu kipya: nchi za udhamini sasa zilitembelewa na wajumbe, na wenyeji wangeweza kupeleka malalamiko yao. Watu wa Meru walitumia mlango huo. Baada ya kuhamishwa Engare Nanyuki mwaka 1951, Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata kueleza kesi ya ardhi yao. Hakurudi na ardhi. Alirudi na kitu kingine: Watanganyika wakajua kwamba gavana ana bosi. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea Tanganyika mwaka 1954 ulizungumzia kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25. Machi 1955 Julius Nyerere akasimama mbele ya Baraza la Udhamini New York, na uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961.

Linganisha na ng'ambo ya mpaka. Kenya ilikuwa koloni, si nchi ya udhamini, kwa hiyo haikuwa na mlango huo. Keya, askari Waafrika wa jeshi la Waingereza (KAR), waliorudi kutoka Burma walikuta ardhi ileile mikononi mwa walowezi walewale, na mwaka 1952 ikatangazwa hali ya hatari. Sisemi udhamini peke yake ndio ulioleta tofauti, kwani walowezi wa Tanganyika walikuwa wachache zaidi. Ila mstari uliochorwa Paris mwaka 1919 uliamua nani baadaye atakuwa na haki ya kwenda New York.

Na hata 1945 mlango haukuwa wa wote. Tarehe 8 Mei, siku Ulaya inashangilia, Ufaransa ilianza kuua waandamanaji Sétif, Algeria.

Ilidumu kwa nani?

Vienna: Ulaya haikupata vita vya wakubwa wote mpaka 1914, ingawa vita vya Crimea vilipiganwa kuanzia 1853. Kwa Wapoland na Waitalia amani hiyo ilikuwa gereza. Versailles: miaka 20 Ulaya, lakini mipaka yake mingi ya Mashariki ya Kati na Afrika Mashariki ipo mpaka leo, kwa hiyo anayesema ilishindwa aseme ilishindwa wapi. Amani ya 1945 imezuia wakubwa kupigana ana kwa ana vita vya dunia. Korea, Vietnam, Kongo na Angola hazikupata faida hiyo.

Ipi inamfaa nani

Ukitaka kuelewa dola chache kubwa zinavyopimana nguvu, zinapokubali kumrudisha adui wa jana mezani, chukua Vienna. Inamfaa anayejadili kama nchi iliyoshindwa itengwe au ishirikishwe. Udhaifu wake ni kwamba haina bunge, haina magazeti yenye nguvu wala wapiga kura wenye hasira. Ukiihamishia karne hii bila kusema hivyo, msomaji makini atakubana.

Ukishughulika na mipaka, mataifa mapya, fidia, au ahadi ambayo mtoaji wake hana uhakika kama watu wa nyumbani watamruhusu kuitimiza, Versailles haina mpinzani. Inamfaa pia mwalimu, kwa kuwa maandishi yake yako wazi na vifungu vyake 440 vinasomeka kimoja kimoja. Mtego wake ni umaarufu: wanafunzi huruka kutoka kifungu cha 231 hadi Hitler, kana kwamba mdororo wa uchumi wa 1929 haukutokea.

Anayeandika juu ya taasisi za leo, Baraza la Usalama, Benki ya Dunia, Shirika la Fedha la Kimataifa, au madai ya Afrika kupata kiti cha kudumu, ashike 1945. Ashike huohuo pia anayeuliza ukoloni ulianzaje kung'oka. Asiutumie kama kielelezo cha vita vinavyoisha kwa maelewano, maana kusalimu amri bila masharti kulihitaji majeshi ya washindi yafike Berlin, na vita vingi havifiki huko.

Kwa mjadala wa vita vya sasa, usishike mmoja. Uliza kwanza nani atabaki na askari na fedha miaka kumi baada ya saini. Akiwepo, soma Vienna na 1945. Asipokuwepo, soma 1919, hasa kura za Seneti.

Na kama mada yako ni Maziwa Makuu, iache Vienna kwa sasa, isipokuwa unaandika juu ya mwambao na karafuu. Anza na vifungu vya 119 hadi 127 vya Versailles, pitia mapatano ya Milner na Orts ukiwa na ramani mkononi, kisha ruka moja kwa moja hadi sura ya 12 ya Katiba ya Umoja wa Mataifa.